Nimeona

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na hili tulimalize mapema ili mtu asipoteze muda kumtafuta mwingine. Mkandarasi alikuwa mjanja, mhandisi alikuwa na haraka zake, lakini ujinga wenyewe, ule wa kupimwa kwa kilo, ulikuwa wa Futi.

Futi si jina alilopewa na mama yake. Alikuwa mkaguzi wa ujenzi wa halmashauri, mwaka wa ishirini na mbili kazini, na kiunoni hakukosa futi ya chuma ya mita tano, hata msibani. Aliwahi kulipima kaburi la jirani akawaambia wachimbaji wamepunja vidole vinne. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepitisha daraja bila kulipima.

Ilikuwa hivi. Ofisini kwao kila karatasi iliyopita mezani iliandikwa neno moja, "Nimeona," kisha sahihi na tarehe. Maana yake haikuwa kubwa: karatasi imenifikia, msije mkasema sikupewa. Ombi la likizo, Nimeona. Tangazo la kikao, Nimeona. Mwenzao mmoja aliandika Nimeona juu ya kadi ya harusi, na harusini hakwenda. Mkono ulikuwa umezoea kuliko kichwa.

Barua ya siku ile ilitoka kwa mkandarasi wa daraja jipya la korongoni. Mistari miwili tu: nondo za daraja zimekwisha kufungwa, mkaguzi anaombwa aje azione kabla zege halijamwagwa. Gari la ofisi lilikuwa gereji, jua linachoma, na Futi akajisemea kesho saa mbili asubuhi atakwenda kwa miguu. Akachukua kalamu. Nimeona. Sahihi. Tarehe.

Kesho yake saa mbili alikuta zege limemwagwa tangu alfajiri, limelala laini kama kitanda cha bibi harusi. Mkandarasi, mcheshi ambaye tumbo lake hufika kabla yake, akamtolea nakala ya barua mfukoni.

"Si uliandika umeona, mzee? Sasa nimsubiri nani tena?"

Hapo ndipo alipopaswa kupiga kelele. Akacheka. Aliona haya mbele ya mafundi, basi akacheka nao, akagonga mbao za kiunzi kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji, akarudi zake ofisini. Zege likakauka, na haya nayo ikakauka.

Mpaka Alhamisi moja jioni, mume wa dada yake alipopita kuwasalimu, yeye na mama yake. Huyu ni mfunga nondo, na alikuwa amepata kibarua palepale korongoni. Alikaa kibarazani na kikombe cha chai, akaanza utani wake.

"Shemeji, siku hizi mmekuwa wapole. Daraja lile tulilifunga hata saa nne haijafika. Nikasema leo serikali imetuonea huruma."

"Mlimalizaje kabla ya saa nne? Ile ni kazi ya siku mbili."

"Nondo zenyewe ziko wapi? Moja hapa, nyingine hapa." Akapanua mikono, pengo la kupitisha mbuzi. "Na za milimita kumi na mbili."

"Mchoro unasema kumi na sita. Kila baada ya sentimita kumi na tano."

Shemeji akaacha kucheka. "Bosi alisema mmebadilisha. Akatuonyesha na barua, mkaguzi ameona." Akaweka kikombe chini. "Kwani hukuona?"

Futi akachomoa futi kiunoni. "Panua tena mikono. Vile vile ilivyokuwa." Akapima kutoka kiganja mpaka kiganja, pale pale kibarazani, chai ikipoa. Sentimita thelathini na mbili. Akapima mara ya pili, kana kwamba mikono ya shemeji ingemhurumia. Thelathini na mbili.

Nusu ya chuma haimo, basi, na kilichomo ni chembamba. Na daraja linafunguliwa Jumatatu, la kwanza kupita ni lori la maji la lita elfu kumi, na nyuma yake watu wanaokwenda kliniki ng'ambo ya korongo. Mmoja wao ni mama yake mzazi, ambaye kila Jumatatu anapelekwa kuangaliwa macho.

"Ila usinitaje, shemeji," mfunga nondo akasema akiinuka. "Nina watoto watatu. Wakijua ni mimi, hapa mjini sitashika nondo tena."

Usingizi usiku ule haukumjia hata kwa bahati mbaya. Ijumaa asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni kwa mhandisi wa halmashauri, mwanamke mdogo kwake kwa umri, mkubwa kwake kwa cheo. Wa kwanza, isipokuwa mkandarasi alikuwa ameshakaa ndani, mguu juu ya mguu. Mezani palikuwa na hati ya kukabidhi daraja. Ilikosa sahihi moja.

"Injinia, daraja lile lisifunguliwe. Nondo zimepunguzwa."

"Nani kasema?"

Futi akawaona wale watoto watatu wamejipanga mbele yake. "Nina wasiwasi tu."

"Wasiwasi wa milimita ngapi, mzee?" mkandarasi akauliza.

"Tutoboe mahali pawili, Injinia. Pawili tu, tuchungulie."

"Yaani uvunje daraja la wananchi kutafuta kitu ulichokwisha kukiona?" Mkandarasi akacheka mpaka kiti kikalia.

Mhandisi hakucheka. Alifungua jalada, akaligeuza limwelekee Futi. "Mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu. Lakini niliona barua, Injinia. Nondo sikuziona."

"Barua inakuomba uone nondo. Umejibu umeona. Mzee wangu, mimi ningesoma wapi kwamba ulichoona ni karatasi?"

Miaka ishirini na miwili ya kuandika neno lile, na hakuwahi kulisoma. Mkandarasi aliombwa atoke kidogo, akatoka akipiga mluzi, na mhandisi akashusha sauti.

"Ukisema hukuona, andika. Andika kwamba ulitia sahihi kitu ambacho hukukiona, na daraja nalifunga leo hii hii, tutoboe hata mahali kumi. Lakini barua hiyo haitaishia mezani kwangu, na unajua itakuangusha wapi. Ukiona daraja ni zima, tia sahihi hapa. Saa kumi natoka."

Alitoka na hati mkono mmoja, karatasi tupu mkono mwingine. Alipitia korongoni. Akalipima daraja, urefu, upana, unene wa zege, akipanda na kushuka kwa magoti yake ya miaka hamsini na saba, wapita njia wakimwangalia. Kwa nje halikupunja hata kidole. Akaingia chini yake, akabandika sikio kwenye zege. Huko chini alikuwa peke yake, vinginevyo tungelicheka jambo hili mpaka leo. Zege lilikuwa baridi, na halikumwambia kitu.

Nyumbani alimkuta mama yake kibarazani, ungo wa mchele mapajani. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunga macho yote mawili, lakini mchele wake haukuwahi kumvunja mtu jino. Aliuchambua kwa ncha za vidole, punje kwa punje, na kijiwe akikipata alikirusha uani.

"Umerudi mapema. Umefukuzwa au unaumwa?"

"Bado, mama. Vyote viwili vinakuja."

Akamweleza. Barua, neno, zege, mikono ya shemeji, saa kumi. Mama alisikiliza bila kusimamisha vidole.

"Kumbe humu ndani tuko vipofu wawili," akasema, "ila mmoja analipwa mshahara."

"Usinitanie leo, mama. Leo sina pa kushika. Nikiandika sikuona, kazi imekwenda, na nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Nyumba hii ni ya halmashauri, tutatoka na magodoro kichwani. Na macho yako je? Kadi ya matibabu ni ya kazi yangu. Upasuaji ni mwezi ujao, mama. Mwezi ujao! Bila kadi hiyo hutaniona tena maisha."

"Nakukumbuka ulivyo. Hukuwa mzuri sana."

"Mama!"

"Haya, endelea."

"Na huenda likasimama. Yapo madaraja yalijengwa ovyo, na leo mwaka wa thelathini yamesimama."

"Yapo."

"Na shemeji naye anajulikana. Yule akivua dagaa anasimulia papa."

"Ndivyo alivyo." Kijiwe kikaruka uani.

"Kwa hiyo natia sahihi."

"Tia. Nani amekushika mkono?"

Akaiweka hati juu ya goti, akafungua kalamu. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia tisa na nusu. Kalamu ilisimama juu ya mstari, ikasimama, tone la jasho likadondoka pale penye tarehe. Alijiambia ataandika akishavuta pumzi. Akavuta pumzi tatu.

"Jumatatu tutoke saa ngapi?" mama akauliza, kana kwamba mazungumzo yale yamekwisha zamani. "Wanasema daraja jipya limefupisha njia. Labda safari hii tutawahi foleni."

"Jumatatu tutazunguka kule juu, njia ya zamani." Maneno yalimtoka kabla hajayashika.

"Kule juu? Saa nzima kwa miguu, na magoti haya?"

"Nitakubeba."

"Kwani kilichojengwa pale ni nini? Si daraja?"

"Ni daraja, mama. Zima kabisa. We nisikilize tu mimi, usipite pale, si Jumatatu, si siku nyingine."

Kwa mara ya kwanza mchana ule vidole vikaacha mchele. Mama akageuza uso palipotokea sauti, macho yake meupe yakatua sawasawa kwenye ile kalamu, kama mtu anayeona.

"Basi andika hayo hayo, mwanangu: daraja ni zima kabisa, ila mama yangu asipite."