Walivyomfanya Baba Zimwi

Filamu yetu ilionyeshwa katika sinema ya mjini kwetu, Ohio, Marekani, Jumamosi moja mchana mwaka 1986, na Baba alivaa koti lake la kanisani.

Vinyago vyote nilivitengeneza mimi, Renata, kwa mpira na gundi, kwenye gereji yake. Ilikuwa filamu ya kutisha yenye kejeli: tajiri anafunga kiwanda cha chuma, kisha anawala wafanyakazi aliowafukuza, mmoja mmoja, kwa kisu na uma. Mwongozaji, Gil Fenstra, nilisoma naye. Waigizaji hakuwa nao, kwa hiyo tuliwachukua wanaume wa mtaani, watu waliofukuzwa kiwandani kwelikweli.

Baba alipewa maneno machache tu. Anasimama getini na kopo lake la chakula, anamwambia tajiri: "Nimekupa miaka thelathini na moja. Sasa unataka na nyama?"

Aliyafanyia mazoezi bafuni wiki nzima, mpaka Mama akapiga kelele, "Stefan, toka humo kabla mimi mwenyewe sijakutafuna!"

Taa zikazimwa. Haikupita robo saa nikaelewa. Wasambazaji walioinunua filamu walikuwa wameikatakata na kuipanga upya. Tajiri hamli mtu tena. Sasa ni bwana mpole, amezingirwa. Wanaotisha ni wafanyakazi.

Baba akatokea getini. Akafungua mdomo. Ikatoka ngurumo ya mnyama. Kisha ikaja picha ambayo hatukuipiga sisi: mkono wenye bunduki. Baba akaanguka, na vijana wa viti vya mbele wakaangua kicheko.

Pembeni yangu Baba akasimama.

"Nimekupa miaka thelathini na moja!" alisema kwa nguvu. "Sasa unataka na nyama?"

"Kaa chini, babu!" kijana mmoja akapayuka.

"Kaa wewe, mshenzi!" Alikuwa mzee Olszak, jirani yetu aliyeigiza pia, nyuma kabisa. Naye akasema maneno yake, yale waliyoyafuta. Akafuata mwingine. Kila uso uliponguruma kwenye skrini, mwenye uso huo alisimama gizani akasema maneno yake halisi. Vijana wakaacha kucheka, wakageuka kutazama nyuma.

Mimi nikatoka kumtafuta Gil. Nilimkuta mapokezi, bisi mkononi.

"Ulijua?"

"Reni, nisikilize. Walisema watu hawapendi kumchukia tajiri."

"Kwa hiyo wamchukie baba yangu?"

"Jamani, ni vichekesho tu."

"Haya, cheka."

Akatazama bisi zake.

"Nimesema cheka, Gil! Baba yangu yuko mle ndani na koti la kanisani. Cheka!"

Hakucheka. Nilimpiga kofi, bisi zikamwagika kwenye zulia, na sijawahi kujuta. Hatujaongea tena tangu siku hiyo.

Garini, tulipokaribia nyumbani, Baba akauliza taratibu, "Sauti yangu waliitupa wapi?"

Filamu ikapata mashabiki nchi nzima, hiyohiyo iliyoharibiwa. Mpaka leo wananitumia picha ya Baba akiwa ameachama, wanataka niwasainie. "Zimwi bora kuliko yote," wanaandika. Naandika jina lake kamili nyuma ya picha, na kazi aliyoifanya kiwandani, na miaka yake thelathini na moja, kwa kalamu nzito hadi karatasi inachanika.