Mtoto Anayejiweza

Ilipotangazwa kwamba kadi ya matibabu ya serikali sasa itahudumia hata watoto wenye ulemavu, mazoezi ya viungo yakiwemo, msusi alifunga saluni siku nzima. Hata msiba wa jirani haukuwahi kumfungisha. Akamwogesha binti yake, akamsuka, akamvalisha gauni lililonyooka kwa pasi. Mtoto ana miaka tisa, miguu haimbebi, na mkono wa kushoto unakwenda unakotaka wenyewe. Lakini ulimi! Saluni nzima wanamwita Hakimu.

Kumbe usafi ndio ulioharibu. Mpimaji wa ofisi ya kadi, mama mwenye miwani kwenye paji la uso, alimkagua kama anayechagua kitambaa.

"Shikamoo," akasema Hakimu.

"Marahaba. Anaongea. Msafi." Tiki, tiki. "Anakula mwenyewe?"

"Anakula, ila nimempindia kijiko ili..."

"Anakula. Anavaa?"

"Nusu saa nzima, tena nikiwa nimemshika..."

"Anavaa." Tiki. "Mama, huyu anajiweza. Mpango huu ni wa watoto wenye shida kweli."

Hospitali walishamwambia msusi: asipofanyiwa mazoezi kila wiki, nyonga zitakaza, hata kukaa kitini itakuwa ndoto.

"Kwa hiyo ningemleta na makamasi?"

"Sijasema hivyo."

"Fomu yako imesema." Akasimama. "Haya, kama anajiweza, mimi natoka kunywa maji. Mwanangu, nakuja."

Maji hakunywa. Aliketi kwenye benchi la nje, mlango ameuacha wazi kidogo ili asikie.

"Dada, hukuambiwa?" mama wa pembeni akamnong'oneza. "Wangu sikumwogesha siku mbili. Alipita kama mshale."

"Basi wanapima sabuni hawa," msusi akajibu, na benchi zima likacheka.

Ndani, sauti ya Hakimu ikasikika. "Shangazi, nataka chooni."

"Nenda, mwanangu. Mwisho wa korido."

"Ningekuwa naenda, tungekuja kwako kufanya nini?"

Kicheko cha benchi kilizimwa kwa viganja.

Kiti kikakwaruza sakafu. "Nishike kiunoni, shangazi, siyo mkono, utauchomoa! Na huo unaoukanyaga ni mguu wangu."

Wakatokea mlangoni kama walevi wawili, miwani imening'inia sikioni, mpimaji anahema. Choo kipo mwisho wa korido, na kina ngazi tatu, katika ofisi ya kupima walemavu!

"Mama yake! Njoo basi, ataanguka!"

Msusi alikuwa keshafika. Akamnyanyua mtoto kwa mkupuo mmoja, akampeleka, akamrudisha, akamketisha. Mpimaji bado alikuwa akijipepea kwa fomu.

"Tuseme... kuvaa, anahitaji msaada?"

"Muulize mwenyewe. Si umesema anaongea?"

Kwa mara ya kwanza mpimaji akamuuliza mtoto mwenyewe.

"Andika nasaidiwa," Hakimu akasema. "Na pale kwenye kula, andika kijiko ndicho kinachojiweza."

Kalamu ikafuta tiki moja, ikafuta ya pili. Mhuri ukagonga.

"Kadi ni ya mwaka mmoja. Mwakani mtarudi, tuone kama amepona."

"Tutarudi," msusi akasema, akimbeba binti yake mgongoni. "Wewe uje na raba ya kufutia tiki."

Asante hakutoa.