Ruta ya Aselefech

Gebeyehu alipanda juu ya kigoda, akainua simu mpaka ikagusa bati, akangoja. Haikushika. Akashuka, akasogeza kigoda karibu na mlango, akapanda tena. Mtu wa miaka sabini na mbili, magoti yanalia, anaufukuza mtandao kama anayefukuza popo.

"Utaanguka, tuwe wagonjwa wawili," mkewe Yeshi alisema kutoka kitandani. Maneno yalimtoka upande mmoja wa mdomo. Upande wa kushoto kiharusi kilikuwa kimeuchukua tangu Pasaka.

Yeshi alifuma miaka thelathini na moja katika kiwanda cha nguo, na pensheni yake ndiyo iliyowaweka katika chumba hiki cha uani, ikawanunulia unga wa tefu na dawa. Mwaka huu ikaja amri: kila mstaafu aonyeshe uso kwenye simu, ithibitike yu hai. Mwisho leo, saa kumi jioni. Asubuhi Gebeyehu alikwenda ofisini na cheti cha daktari.

"Cheti si uso, mzee," karani alimwambia bila kuinua macho.

"Basi njoo umwone. Ni mwendo wa nusu saa."

"Nikimwona mimi haisaidii. Mfumo ndio umwone. Na iwe simu aliyojiandikishia."

Simu yenyewe ndiyo hii, ya enzi za Nuhu, kioo kimepasuka. Mtandao wa simu mtaani ulikufa tangu Jumatatu. Lililobaki ni waifai ya Aselefech, mwenye nyumba, aliyeletewa ruta mpya na bintiye wa Dubai. Ile ya zamani ilifika mpaka kitandani kwa Yeshi. Hii mpya simu haikuiona hata jina.

Saa nane Gebeyehu alimfuata Tirunesh, mpangaji wa chumba cha kati anayetengeneza simu sokoni, wakaingia wote sebuleni. Aselefech alikuwa anakaanga kahawa. Ruta ilikuwa ndani ya kabati la vioo, nyuma ya sinia kubwa, imefunikwa kitambaa cha kudarizi.

"Mama, umeizika," Tirunesh alisema.

"Nimeihifadhi. Vumbi, na macho ya watu."

"Sinia linaziba mawimbi. Halafu simu ya mzee Gebeyehu ni kongwe, haijui mawimbi mapya. Inajua yale ya zamani, ya polepole lakini yanapenya ukuta. Humu yamezimwa." Akabonyeza simu yake, akayawasha. "Sasa itoke humo, ikae juu, karibu na ua."

Aselefech akaepua kahawa. Kabati lile ndilo heshima yake, wageni hulitazama kabla hawajakaa.

"Kwa ajili ya Yeshi tu," alisema mwishowe. "Mkiivunja mtanijua."

Wakavuta waya hadi mlango wa uani, wakaitundika kwenye msumari juu ya fremu, antena zimesimama. Gebeyehu akakimbia kwa kadiri magoti yalivyomruhusu. Mstari mmoja. Tirunesh akaisogeza mbali na bati. Mistari mitatu. Saa tisa na nusu, na mtandao umejaa. Raha ilimpanda Gebeyehu mpaka akataka kulia.

Akampangusa mkewe uso, akamfunika shuka nyeupe mabegani. Picha ikafunguka safi.

"Geuza uso kulia," simu iliandika. Yeshi akageuza.

"Tabasamu."

Mdomo ukapanda upande mmoja.

"Uso haujatambuliwa. Jaribu tena."

Wakajaribu tena. Gebeyehu akalipandisha shavu la kushoto kwa kidole. "Ondoa kinachofunika uso," simu ikaandika. Mara ya tano Yeshi akauliza, "Kwani nacheka nini mimi?" Walijaribu mara tisa.

"Mtandao ni mzima," Tirunesh alisema taratibu. "Hapo mimi sina cha kutengeneza."

Saa kumi na dakika moja ujumbe uliingia papo hapo, bila kukwama: "Imeshindikana kuthibitisha kuwa mhusika yu hai. Malipo yamesitishwa."

Aselefech alikuwa amekuja na kitambaa chake mkononi, kuchukua ruta. Akausoma ujumbe begani kwa Gebeyehu, akarudi kwake na kitambaa tu, ruta ikabaki msumarini.

"Wamesemaje?" Yeshi aliuliza.

"Wamesema hawajakuona."

"Waambie nipo."

Gebeyehu akatafuta chini ya ujumbe, akatafuta juu yake. Hapakuwa na mahali pa kuandika.