Mshale wa Mjomba Zahoro

Mjomba Zahoro alinuna Jumapili, na Jumatatu asubuhi harusi ya sista wangu Zuwena ikaanza kuyumba.

Sikia ilivyokuwa. Jumapili hiyo wakwe walipoleta mahari kwetu Tangini, Kibaha, mpiga picha alirekodi kila kitu. Mimi nimemaliza fomu siksi, nipo tu nyumbani nasubiri matokeo, mikono inaniwasha. Nikasema hii video niiwekee majina, kama wanavyofanya kwenye taarifa ya habari. Bibi akitokea, chini yanakuja maandishi, "Bibi Mzaa Mama". Shemeji akitokea, "Abdulkadiri, Mwenye Bahati Yake". Sasa laptop yangu nzee, ukiiambia itengeneze video upya inalala, na wewe unalala. Nikaandika programu yangu mwenyewe: video inacheza chini, maandishi yanachorwa juu yake palepale inapocheza. Ni kama kanga juu ya gauni. Video yenyewe haiguswi. Ukivua kanga, gauni liko vilevile.

Nikaiunga laptop kwenye tivii ya sebuleni, familia ikakaa. Vigelegele! Hata Baba, ambaye huniita fundi wa kukaa, akatabasamu. Aliyeshtuka ni Mama.

"Hashiru, kaka yangu yuko wapi humu?"

Tukatafuta. Mshereheshaji alitambulisha watu wote mpaka dereva wa wakwe, ila akamruka Mjomba. Mwisho tukampata, kidogo tu, nyuma ya nyumba. Kamera inawafuata akina mama na masinia yao, pembeni kinatokeza kiwiko. Kiwiko cha kanzu, mkono umeshika kamba. Ukiifuata kamba, unakutana na mbuzi.

"Ndiye huyo," Mama akasema. "Kiwiko cha kaka yangu nakijua."

Tatizo, Mjomba mwenyewe alisharudi kwake Maneromango na ameshatuma ujumbe wa sauti: "Dada Sikudhani, kwenye shughuli yenu mimi sikuwepo. Basi na kwenye harusi sitakuwepo. Msije mkasema sikuaga."

Kidini walii, yaani wa kumwozesha sista, ni Baba, biashara imekwisha. Ila sisi Wazaramo bana, mjomba akisusa, ubwabwa haushuki kooni. Mama akatamka mbele ya wote, "Zuwena haolewi Jumamosi bila Zahoro kukaa pale mbele."

Sista akaingia chumbani, akabamiza mlango. Akaufungua tena, akanitolea macho mimi.

"Wewe na kompyuta yako. Mtie Mjomba kwenye video."

"Nitamtiaje, wakati yupo kiwiko tu?"

"Basi kitie jina hicho kiwiko!"

Nikachora mshale mwekundu, juu yake nikaandika MJOMBA WA BIBI HARUSI. Kwenye tivii ukatua juu ya kiwiko kama nzi kwenye papai. Safi kabisa. Mama kwa furaha akamrushia kaka yake kile kipande kwa WhatsApp, bila kuniuliza. Karusha video peke yake. Gauni bila kanga.

Ujumbe wa sauti ukarudi: "Mmenitumia tena shughuli nisiyokuwepo. Ahsanteni kwa kunikumbusha."

Basi nikapanda bodaboda, laptop nimeikumbatia ndani ya jaketi. Barabara ya Maneromango unaijua. Mpaka unafika, wewe na barabara mna rangi moja. Mjomba nikamkuta uani anafua nazi. Mkewe, Mama Tunu, anapepeta mchele.

"Shikamoo Mjomba."

Akafua nazi moja. Akachukua nyingine.

"Anaamkiwa nani? Kwenye video yenu mimi simo."

"Umo, Mjomba. Ile uliyotumiwa siyo yenyewe. Shikamoo."

"Nikijiona nitaitikia."

"Mwache, mwanangu, karibu ukae," Mama Tunu akasema. "Huyu tangu juzi anawanunia hata kuku."

Nikafungua laptop juu ya kinu. Majirani wakasogea, wengine na vikombe vyao vya chai. Video ikacheza, Bibi akapita na jina lake, Abdulkadiri akapita na bahati yake. Tukafika nyuma ya nyumba. Mshale ukashuka, mwekundu, mkubwa, ukatua juu ya mbuzi.

MJOMBA WA BIBI HARUSI. Mbuzi akageuka, akatutazama, anatafuna.

Mama Tunu akadondosha ungo. "Weee! Zahoro, umeota pembe!"

"Mbona ndevu ni zilezile," jirani mmoja akadakia.

Palepale nikajua nilipokosea. Programu niliiambia ihesabu vidoa vya kioo, vile vinavyounda picha, vingapi kutoka kushoto na vingapi kutoka juu, na nilivipimia kwenye tivii. Kwenye tivii vinaishia kwenye kiwiko. Kwenye laptop kioo ni kidogo, picha imejikunja, lakini mshale unatembea vidoa vilevile. Ukapitiliza kiwiko, ukateremka na kamba mpaka kwa mbuzi.

"Mjomba, samahani, hii ni hesabu tu ya..."

"Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Mbuzi akawa mjomba mara ya pili. Majirani hoi, mmoja kakaa chini kabisa.

"Simamisha hapo." Mjomba hakuwa anacheka. Aliweka nazi chini, akasogeza uso karibu na kioo. "Unamwona huyo beberu, mwipwa wangu?"

"Namwona, Mjomba."

"Nimemlea mimi, hapahapa. Nikampeleka Kibaha mwenyewe, nikamchinja mwenyewe, ndiyo maana nilikuwa nyuma ya nyumba. Halafu yule mshereheshaji wenu anashika maikrofoni, anasema mbuzi tumeletewa na kamati. Kamati! Kamati ina zizi?"

Hata jirani aliyekaa chini akanyanyuka.

"Kwa hiyo hukununa kwa sababu ya jina?" nikauliza.

"Jina langu linajulikana mpaka Mzenga. Asiyejulikana ni beberu. Haya, andika."

Nikaandika anavyonitajia. Video imesimama vilevile, mbuzi yuleyule, maneno tu yakabadilika juu ya kichwa chake: BEBERU WA MJOMBA ZAHORO. KAMATI HAIHUSIKI.

Mjomba akasoma kimoyomoyo, midomo inacheza. Kisha akasoma kwa sauti ili walio nyuma wasikie. Akajifuta mikono.

"Marahaba," akasema.

"Mjomba?"

"Ile shikamoo yako. Mwambie dada Jumamosi nitakaa pale mbele. Na huo mshale usiusogeze hata kidogo."

Nikaitika, lakini njia nzima ya kurudi nikawa nawaza hesabu. Maana kwenye ukumbi wa harusi, Misugusugu, kuna kioo kikubwa, na kwenye kioo kikubwa mshale ukiachwa hivyo unarudi kwenye kiwiko. Mjomba wangu ataandikwa beberu mbele ya wakwe. Nikafuta hesabu yote ya vidoa. Nikaiambia programu iende theluthi mbili ya kioo, kutoka kushoto na kutoka juu, kioo kiwe cha simu au cha ukuta. Nikajaribu kwenye tivii, nikajaribu kwenye simu ya sista, nikaazima na ya Baba. Mbuzi, mbuzi, mbuzi.

Jumamosi ukumbi mzima ukampigia beberu vigelegele. Mjomba Zahoro akasimama pale mbele, akapunga mkono kwa niaba yake.