Milimita Arobaini na Sita

Siku ya maji, Wadha hakuwa na mswalie Mtume. Maji ya bomba yalifika Rujm Awad mara moja kila wiki mbili, siku ya Alhamisi, kwa saa sita au saba, na kila nyumba ilikinga mpaka tone la mwisho. Ndani ya tangi lake la juu ya paa mlikuwa na boya la kuzuia maji tangi likijaa. Wadha alilifunga boya hilo kwa kamba lisipande. Tangi likajaa, likafurika kwa bomba la pembeni, na maji yakaporomokea mapipa matatu aliyoyapanga chini. Kijiji kizima kilifanya hivyo. Asiyefunga boya alihesabiwa mpumbavu.

Hatua mbili tu kutoka hapo, kwenye mlingoti uliofungwa kwa nati kwenye stendi ya tangi, kilisimama kituo chake cha hali ya hewa. Kaka yake alimletea kutoka Kuwait: kinu cha kupima upepo, kipimajoto, na kikombe cha mvua chenye kijiko ndani kinachopinduka kila kikijaa, na kila pinduko ni hesabu. Kila dakika tano kituo kilituma habari zake chenyewe kwenye mitandao mitatu ya hali ya hewa. Wadha alikiunganisha miaka miwili nyuma, akasahau. Alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya wasichana, na kituo hicho alikuwa akiwasifia wanafunzi wake. Hakuna mtu anayeandika, aliwaambia, kwa hiyo hakuna mtu wa kudanganya.

Mlingoti aliuweka hapo kwa sababu upande wa pili wa paa ulikuwa na kamba za nguo za mama mkwe wake, na mama mkwe hakuwa mtu wa kuhamishwa.

Katikati ya Februari alikuja Mitib, kaka mkubwa wa mumewe. Mume mwenyewe alikuwa bandarini Aqaba, anarudi mwisho wa mwezi. Mitib alikataa chai, na Mitib hakuwa na desturi ya kukataa chai.

"Mama Rakan," alisema, "nimekuja unifundishe dua."

"Dua gani tena, shemeji?"

"Hiyo unayosoma wewe. Sisi tumesimama uwanjani kuomba mvua, majoho tumeyageuza ndani nje, imamu kalia, wazee wamelia, hata mbwa wangu kalia. Hatukupata tone. Kumbe wewe Januari peke yake umepata milimita arobaini na sita, hapo juu ya paa lako."

Alikuwa ametoka mjini, kwenye kamati ya ukame. Vijiji vilivyopata chini ya milimita arobaini mwezi huo wa Januari vilikuwa vinapewa shayiri ya msaada kwa ajili ya mifugo. Vijiji vyote vya jirani vimo kwenye orodha. Rujm Awad haimo. Mitib alikuwa na kondoo majike sabini, wengi wana mimba, na nje hapakuwa na jani. Shayiri aliyobaki nayo ilikuwa ya siku tisa.

Wadha alifungua grafu ya kituo kwenye simu. Januari nzima ilikuwa mstari uliolala chini, isipokuwa milima miwili iliyochongoka. Alitazama tarehe. Alhamisi, na Alhamisi. Siku zote mbili upepo ulikuwa wa magharibi, unaotoka tangini kwenda mlingotini.

Angeweza kusema atachunguza. Hakuwa mtu wa hivyo.

"Siyo mvua," alisema. "Ni tangi langu. Nilifunga boya, upepo ukarusha maji kwenye kikombe."

Mitib aliinua macho kuelekea paa. Na yeye alikuwa amefunga boya lake, Alhamisi zote mbili.

"Basi kawaambie," alisema.

Kesho yake Wadha aliomba ruhusa shuleni, akaenda mjini. Karani wa kamati alimkaribisha kwa adabu, akamgeuzia kompyuta aone ramani. Wilaya nzima ilikuwa ya rangi ya udongo, na katikati kitone kimoja cha kijani. Karani alieleza kwamba kwingine kote wanakisia kwa picha za angani, kwa kuwa hakuna kifaa. Rujm Awad tu ndiko kuliko na chombo kilichopima ardhini, na kipimo cha ardhini hushinda makisio. Walifurahi sana kukipata mtandaoni, alisema.

Wadha alimweleza habari za boya na za upepo. Akamwonyesha picha za ardhi iliyopasuka. Karani akasema picha yaweza kuwa ya mwaka wowote. Halafu akauliza kama ana undugu na mtu yeyote mwenye mifugo.

"Shemeji yangu," alijibu Wadha.

Karani alivua miwani. "Mama, wiki hii wamekuja watu kumi na wanne, wote wanasema kwao hakukunyesha. Wewe ndiye pekee unayekanushwa na chombo chako mwenyewe."

"Chombo ni changu na mimi nasema kimekosea."

"Ungesema Januari."

Orodha ilikwisha kutiwa saini. Ingetazamwa tena Juni.

Wadha alisimama ngazini akaifuta Januari kwenye mtandao wa kwanza. Ilichukua dakika moja. Wa pili ulitaka maombi kwa maandishi. Wa tatu ulimjulisha kuwa takwimu zake zimekwisha kugawiwa kwa wengine, na huko hazifutiki. Akapanda tena kumwonyesha karani. Karani akasema kwa upole kwamba kufuta sasa kunazidi kuharibu, maana inaonekana anaficha kitu.

Ijumaa alikata kamba za nguo, akahamishia mlingoti upande ule. Kazi ya nusu saa. Mama mkwe alisimama chini akimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu Wadha aolewe, alimpisha. Kituo kikaanza kutuma sifuri, sahihi kabisa, kila dakika tano.

Siku ya kumi lori lilikuja. Wanunuzi wa mjini walijua nani hana shayiri, na bei waliipanga wao. Mitib alibakiza kondoo wanane. Wengine wote aliwapakia mwenyewe, akiwashika mmoja mmoja tumboni, taratibu, kwa sababu ya mimba, ingawa wote walijua lori linaelekea machinjioni. Wadha alikuja kushika kamba. Hakuombwa, wala hakufukuzwa.

Simu yake ikalia mfukoni. Akasoma, akataka kuirudisha.

"Nani?" Mitib aliuliza.

"Ule mtandao wa tatu."

"Wanasemaje?"

"Wanatupongeza. Januari tulipata mvua nyingi kuliko wilaya nzima."

Mitib alimsukuma kondoo wa mwisho, akapandisha mlango wa lori, akapiga komeo.

"Waambie ahsante."

Wadha aliangalia simu tena. Chini ya ujumbe iliandikwa kwamba umejituma wenyewe, tafadhali usijibiwe.