Kichwa Kilichosukwa Nusu

Nikutegee, wewe uliyekaa hapo. Wawili wameketi tangu asubuhi, wanaambiana mpaka mambo ya chumbani, na mmoja hauoni uso wa mwenzake. Ni akina nani? Umeshindwa? Haya, nipe mji. Umenipa Juba? Nimekwenda Juba, nimekula samaki wa mtoni nikashiba, nimerudi na jibu: ni msusi na mwenye kichwa.

Msusi ni Resty, Mganda aliyefika mtaa wa Hai Malakal mwaka wa pili baada ya amani kutiwa sahihi, akajenga kibanda cha matete. Mwenye kichwa siku hiyo alikuwa Nyandeng, aliyekulia Kitale, mke wa dereva wa lori la mpakani Nimule, na mimba yake ya miezi saba. Alikaa kwenye kigoda kati ya magoti ya Resty, macho kwenye matete.

Resty hakuwa na siri. Alimwambia kila mteja kwamba ana virusi vya Ukimwi, mwaka wa saba huo, na anameza dawa. Mwanzoni kigoda kilikaa kitupu miezi miwili. Yeye alifagia tu kila asubuhi, akangoja. Akaja mmoja, maana mkono mwepesi kama ule haukuwapo mtaa mzima, wengine wakafuata. Jioni alizunguka na wanawake wa kikundi chao cha wanaoishi na virusi, sufuria ya uji kichwani, kwa wagonjwa waliofungiwa vyumbani. Nyandeng alikuwa na jirani aliyebaki mifupa mitupu. Sasa jirani huyo anauza bamia na kugombana na wateja. Ndiyo maana Nyandeng alikuja. Nywele zilikuwa kisingizio.

Akayaambia yale matete kwamba anataka kupima. Mumewe hukaa safarini wiki tatu, na hajui hulala wapi. Anamwogopea mtoto. Resty akamweleza kwamba ikijulikana mapema, ipo dawa ya kumkinga mtoto. Ila kikundi kina sharti: hawampeleki mtu kituo cha kupimia mpaka amtaje mmoja wa nyumbani atakayekwenda naye. Zamani waliwapeleka watu peke yao, na hao ndio waliotupa dawa chooni kwa kuogopa kuonekana nazo.

"Sasa wewe," Resty akauliza, "nyumbani kwako nani iko ya kwenda na wewe?"

Nyumbani kwa Nyandeng alikuwapo mama mkwe tu, Adeng, na Adeng ndiye aliyemkataza kunywa chai pale, akisema vikombe vya Mganda yule si vya kugusa.

Mara Adeng huyohuyo akasimama mlangoni. Alikuwa nje ya matete tangu lini, hakuna aliyejua. Alitaka mkwewe arudi nyumbani. Lakini upande mmoja wa kichwa umesukwa, wa pili umesimama kama nyasi. Mke wa mtu hapitishwi barabarani hivyo. Adeng akaketi, mgongo kwa Resty.

Resty akamkaribisha kwa Kiarabu cha Juba.

"Sema Kiswahili tu," Adeng akamwambia, "nilikijua Kakuma. Kiarabu umekivunja miguu."

"Nisamehe, mama. Ni kichwa ya mkwe wako imenichosha. Nasuka tangu asubuhi, sijafika sikio."

Adeng akacheka bila kutaka.

Saa nane simu ya Resty ikalia kengele ya dawa. Akaweka kitana chini, akameza kidonge chake mbele yao, akaendelea na kazi. Adeng akauliza, bado amegeuka, kinamezwa mpaka lini. Mpaka Mungu aniite, akajibiwa. Na mtu anaweza kuzeeka nacho? Resty akasema mvi mbili ameshaziona, na amezipenda.

Kisha Adeng akaanza kusimulia taratibu. Mwanawe Nhial, kaka wa mume wa Nyandeng, alifia kambini Kakuma. Watu walisema karogwa. Alipokuwa mgonjwa, yeye alimwosha peke yake miezi minne, mlango kaufunga majirani wasione.

"Hakugonga mtu," alisema. "Angegonga hata mmoja, ningefungua."

Vidole vya Resty vikasimama. Nyandeng akataka kugeuka, lakini Resty akamshika kichwa polepole, mstari usije ukapinda, na kazi ikaendelea hadi msuko wa mwisho ukafungwa uzi. Swali lake hakulirudia.

Adeng akainuka, akajikung'uta nguo.

"Ulimuuliza nani wa kwenda naye," alisema. "Ni mimi. Kesho asubuhi."