Agidi ya Ugonma

Iya Gbadebo wa Ibadan alikuwa na neno moja la kwao alilolipenda kuliko wajukuu wake: agidi. Ubishi huchoka, alisema, na kiburi kikianguka hushika adabu. Lakini agidi ni kichwa kisichoshikika, ukikivuta huku chaenda kule, na mwenyewe hajui kwa nini. Wenye agidi wote wa mtaani aliwajua kwa majina. Lake, bila shaka, halikuwamo.

Mwanawe Gbadebo akaleta mchumba wa Kiigbo, Ugonma. Mama akamuuliza, "Ukiolewa hapa, utatuletea nini?"

Binti, magoti chini, akajibu, "Agidi, Mama. Kwetu hakupambazuki bila agidi. Mama yangu ndiye aliyenifundisha."

Lo! Uchumba ukavunjwa palepale. Wiki nzima Iya Gbadebo alizunguka mtaa: "Tena anajisifia! Mama mtu ndiye mwalimu!"

Jumamosi Ugonma akarudi na kikapu. Ndani mlikuwa na bajia za kunde na vifurushi vya majani vyenye uji wa mahindi ulioganda, unaotetemeka vizuri. Iya Gbadebo alikusudia kumfukuza, ila mdomo ulikuwa umeshajaa. Akala viwili. Akala cha tatu.

"Eko tamu," akasema kwa shingo upande. "Lakini huolewi."

"Ndiyo agidi yenyewe hiyo, Mama. Kwetu ndilo jina lake."

Gbadebo akashika mbavu. "Kumbe Mama ulimkataa kwa ajili ya chakula!"

Mwingine angeona haya. Yeye akafuta midomo. "Hii ni eko. Aseme eko, ndipo aolewe."

"Nimeipika kwa mikono yangu, Mama, nisilijue jina lake?" Ugonma akaanza kurudisha vifurushi kikapuni, kimoja kimoja, bila haraka.

"We, acha hicho."

"Nini, Mama?"

"Hicho kitu."

"Kitu gani, Mama?" Mezani kikabaki kimoja.

"Agidi yako! Iache!"

Ugonma akaweka kikapu chini.

Sasa, dirishani alikuwapo Iya Moriliatu, jirani aliyejaliwa masikio kuliko kazi. Alichosikia ni ukali; alichoona ni binti kutii. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulijua kwamba Iya Gbadebo kamkemea yule mkaidi wa Kiigbo mara moja tu, na agidi kaiacha. Wakaja kumpongeza. Wakauliza harusi lini.

Angewaambia nini? Akaitaja siku, kifua mbele, huku akimenya kifurushi cha saba.